Laini ya Mkaguzi

Wapo watu wakistaafu wanastaafu kazi. Mkaguzi alistaafu ofisi tu. Kazi yenyewe aliibeba akaenda nayo nyumbani, pamoja na peni yake nyekundu, miwani ya kuning'inia puani, na ule msonyo wake ambao walimu wa zamani wakiusikia hata leo hujikuta wanachomekea shati. Alikuwa mkaguzi wa shule. Maisha yake yote alilipwa kuingia kwenye vyumba vya watu bila hodi, akakaa kiti cha nyuma, akakunja uso, akaandika kasoro. Sasa shule za kukagua hana, basi anakagua kilichopo. Anakagua mkate wa dukani umekatwaje. Anakagua majirani wanavyoanika nguo. Siku alipomzika mkewe, haki ya nani, alimvuta mchimba kaburi pembeni akamwonyesha kwamba upande wa kushoto haukunyooka.

Huyo ndiye mtu tunayemzungumzia, kwa hiyo huruma yako iweke kwanza mfukoni.

Alijaliwa watoto watatu. Wote wamesoma, wote wana kazi, wote wako mbali. Kila mmoja alipopata nafasi ya kuhama alihama, na kila aliyefuata alihamia mbali kuliko aliyemtangulia. Mzee alijisifu kwa wageni kwamba watoto wake wametapakaa duniani. Hakuna mgeni aliyewahi kumuuliza wametapakaa wakikimbia nini.

Mama yao alipofariki, binti wa kati ndiye aliyekuja na wazo. Kuna ulimwengu wa mtandaoni, akasema. Watu wanajenga nyumba humo, na kila mtu anakuwa na kikaragosi chake. Unakaa kwako na hedifoni kichwani, kikaragosi chako kinatembea kule, kinakaa kwenye kochi, kinainua mkono, kinaongea kwa sauti yako mwenyewe. Jumapili alasiri familia itakaa sebule moja kama zamani.

Mzee alibeua midomo. "Yaani mimi, na mvi zangu hizi, nikacheze katuni?"

"Si mchezo, Baba. Ni kukutana tu."

"Kukutana ni mtu kufunga safari akaja. Hayo mengine ni uvivu."

Akasonya. Lakini aliingia, na alipoingia akaona kuna sebule, kuna mapazia, kuna viti, yaani kuna vitu vya kukagua, na tangu siku hiyo hakukosa Jumapili hata moja. Alijichagulia kikaragosi chenye suti nyeusi na tai, akakitafutia na mkoba wa ngozi. Mkoba wa nini kwenye nyumba isiyokuwepo? Muulize yeye.

Hapo ndipo ilipozaliwa tathmini. Watu wakishasalimiana, maongezi yakianza kunoga, ile suti ilikuwa inasimama katikati ya zulia, inakohoa, inasema, "Sasa tufanye tathmini." Kisha anampitia kila mmoja na wiki yake. Kifungua mimba, mwanamume mzima wa ndevu, mfamasia mwenye duka lake na watu wanaomwita bosi, anaambiwa kwamba anaongea kwa kunung'unika na duka lake limekaa upande mbaya wa barabara: alama arobaini na tano. Wa kati anaambiwa ameanza kunenepa. Amejuaje, na anayemwona ni kikaragosi? Eti sauti imenenepa: alama hamsini, kwa kumwonea huruma. Ukidhani ni utani, hujamjua mtu yule. Alikuwa na peni nyekundu mkononi wakati huo.

Asiyepewa alama alikuwa kitinda mimba. Huyu alikuwa mwalimu wa chekechea, na ndiye aliyekuwa kipenzi cha mzee, kama moyo ule ulikuwa na nafasi ya kipenzi. Aliolewa na kinyozi. Siku kinyozi alipoletwa kujitambulisha, mzee alimwambia anyooshe mikono, akamkagua kucha mbele ya wageni, kidole kwa kidole, kama mtoto wa darasa la kwanza. Kisha akasema, "Nimesomesha mtoto mpaka chuo kikuu ili aje afagie nywele za watu sakafuni." Kijana wa watu alicheka kwa adabu, vile mtu anavyocheka akikanyagwa mguu na mkubwa wake. Binti hakucheka. Tangu siku hiyo simu ya baba yake hapokei. Jumapili anakuja kwenye ile nyumba kwa ajili ya ndugu zake. Anamwamkia baba yake, anaenda kukaa kwenye kochi la pembeni, na salamu yake ndiyo imeishia hapo.

Halafu siku moja kifungua mimba akaponyokwa na neno: mdogo wao ni mjamzito.

Mjukuu wa kwanza! Mzee alijitia hamnazo, akasema "Aa," akaanza kuzungumzia bei ya saruji. Lakini neno lilimkaa kooni halikushuka. Hakuuliza mimba ina miezi mingapi, maana kuuliza kungekuwa ni kukubali kwamba anataka kujua, na kutaka kujua kungekuwa ni kumkubali kinyozi. Alichotaka ni binti mwenyewe amwambie, kwa mdomo wake: Baba, nimejifungua. Kwa neno hilo tu alikuwa tayari kukaa kwenye sebule ya katuni kila Jumapili mpaka aingie kaburini. Kumwomba binti radhi? Thubutu! Yeye alisubiri kuambiwa.

Mambo yalianza kuharibika pale jirani wa ghorofa ya juu alipoibiwa redio. Mzee aliogopa wezi. Akakichukua kile kisanduku cha intaneti chenye taa za kumetameta, akakitia ndani ya kabati la chuma aliloondoka nalo ofisini, akafunga kufuli. Nyaya akazipitisha kwenye tundu alilolitoboa mwenyewe kwa nyuma, akakaa akalitazama tundu lake, akajiona hodari. Jumapili ile kikaragosi chake kiliinua mguu kikaganda, kikatokea ukutani, kikarudi mlangoni kinyumenyume, na sauti yake ikawafikia watoto vipande vipande: "Tath... mi... ala... roba..." Watoto walijikaza wasicheke. Wapi! Kifungua mimba alicheka mpaka hedifoni zikamtoka kichwani. Jumapili hiyo hakuna aliyepewa alama, na maongezi yao, wao kwa wao, yalikuwa matamu ajabu.

Kuganda huko kulikuwa kwa kweli, na Mkaguzi akamwita fundi wa mtandao.

Fundi alikuwa mtu wa makamo, mnene, mpole kama watu wote wanaolipwa kuvumilia. Akaliangalia kabati, akaliangalia kufuli, akamwangalia mzee.

"Mzee, umeifungia intaneti kwenye chuma."

"Nimeihifadhi."

"Sasa mawimbi yatatokaje humo? Hii ni kama kumfungia mtu stoo halafu unamlaumu haongei."

"Ungekuwa umesoma vizuri ungejua namna ya kuyatoa," mzee akamjibu, yeye ambaye kuhusu mawimbi alijua kuandika neno lenyewe tu.

Fundi hakubishana. Akakitoa kisanduku, akakiweka juu ya rafu mahali pa wazi, kompyuta akaiunganisha kwa waya moja kwa moja, kisha akapima. Ujumbe unatoka, unafika, unarudi, hakuna kinachopotea njiani. "Sasa laini yako ni safi, mzee wangu," akasema. Mzee akampa alama sitini na kumfungulia mlango atoke.

Jumapili iliyofuata aliingia kwa mbwembwe. Suti yake ilitembea vizuri, ikainama vizuri, ikakaa vizuri. Lakini ajabu ya Mungu, safari hii walioganda walikuwa ni wengine. "Sasa tufanye tathmini," akasema, na papo hapo kifungua mimba akaganda, mkono hewani. "Ba... si... kii... tan... dao..." Kisha kimya. Wa kati akaganda ameinama kama mtu anayeokota sindano. Kitinda mimba kwenye kochi la pembeni, kichwa kimelala upande, kimya. Mzee aliita, akaita, akapiga meza yake kwa kiganja mpaka kikombe kikaruka. Walibaki hivyo hivyo. Alipochoka akatoka.

Ikawa ndiyo hali ya kila Jumapili. Salamu zinafika vizuri, habari za hali ya hewa zinafika vizuri. Akianza tu kukohoa, dunia inasimama. Mara mbili alijikaza akamgeukia kitinda mimba, akamwita kwa jina lake la utotoni, akaanza, "Na wewe, hali yako..." na kwa kuwa alianza na kile kikohozi chake, binti naye akaganda kabla swali halijafika mwisho.

Mtu mwingine angejiuliza. Mkaguzi hajiulizi, huuliza wengine. Alimwita fundi arudi, akamwambia kazi yake ni ya kubahatisha. Fundi akabadilisha waya, akakizima kisanduku akakiwasha, akapima tena: safi. Mzee akahama kampuni ya intaneti, akahamia nyingine, wale wa kwanza akawatukana kwa barua na wa pili kwa simu. Msichana wa huduma kwa wateja alipomwambia kwa adabu, "Baba, kwa huku tunaona uko sawa," alimwuliza alifaulu hesabu kwa kiwango gani. Alisikia mahali kwamba friji linaweza kuingilia mawimbi, akawa analichomoa kila Jumapili alasiri. Maziwa yakachacha, watoto wakaendelea kuganda. Akasogeza kochi. Akang'oa pazia. Alikuwa radhi kubomoa nyumba nzima, jamani, kuliko kufikiri kwamba tatizo linaweza kuwa limevaa suti.

Mwisho akamgeukia jirani. Ghorofa ya chini yake alikaa mama mmoja mshonaji ambaye jengo zima lilimwita Mama Cherehani. Mzee aliteremka ngazi, akasimama mlangoni bila hodi kama kawaida yake.

"Mama, cherehani yako inakula intaneti yangu."

Mama Cherehani alikuwa na pini mdomoni. Akazitoa moja moja, taratibu, bila haraka yoyote. "Cherehani yangu ni ya kukanyaga kwa miguu, Mkaguzi."

"Basi simu yako. Unaniibia waifai."

"Waifai yenye neno la siri refu kama risala, nani ana muda wa kuliandika? Mimi nina bando langu." Akamtazama toka juu mpaka chini, na kwa kutazama watu hivyo hakuwa mwanagenzi. "Tena hao watoto wako, mbona wakinipigia mimi hawagandi?"

"Wanakupigia wewe?"

"Kwa nini wasinipigie? Wamekulia hapa. Nawauliza wameamkaje, wamekula nini. Basi."

"Basi?"

"Basi. Ulitaka niwasahihishie nini?"

Mzee alisonya akapanda ngazi zake. Neno la yule mama lilimchoma kidogo, kama kibanzi kwenye kidole, lakini alilichomoa upesi. Mshona magauni atajua nini mambo ya mtandao? Akarudi juu akaendelea kusogeza kochi.

Fundi ndiye aliyefika mwisho wa subira yake. Mzee alipompigia tena na kuanza matusi yake ya adabu, yale ya "bwana mdogo, nikuulize swali jepesi," fundi akamkatiza.

"Mzee, tufanye jaribio moja la mwisho. Simu yako iunganishe na laini hiyo hiyo ya nyumbani. Fungua akaunti nyingine humo, ya mgeni, uingie nayo kwenye nyumba yenu kabla hujaingia kwa akaunti yako. Wakiganda na hapo, tatizo ni laini. Wasipoganda, laini haina kosa."

"Na kama laini haina kosa?"

Fundi akashusha sauti. "Hapo, mzee wangu, si kazi ya fundi tena."

Jumapili ilipofika, mzee aliegemeza simu kwenye chupa ya maji, kando ya kompyuta, akafungua akaunti ya mgeni. Mgeni hachagui sura. Ulimwengu ule humgawia iliyopo. Mkaguzi wa shule mstaafu akajikuta ni kibinti cha nywele za zambarau, kaptula, na viatu vya magurudumu. Alisonya mpaka kioo cha simu kikapata mate. Lakini jaribio ni jaribio, na kwa taratibu za kazi hakuna mtu aliyekuwa akimshinda.

Nyumba yao ilikuwa kwenye mtaa wa watu wote na mlango ulikuwa wazi, kwa kuwa huko ni kawaida wapita njia kuchungulia. Kibinti cha zambarau kikateleza, kikajigonga kwenye mlango, kikaingia.

Hakuna kilichoganda. Kifungua mimba alikuwa anacheza. Anacheza dansi, lile baba zima la ndevu, mikono juu, kiuno kinazunguka! Wa kati anampigia makofi. Na kinyozi alikuwepo, mzee alimjua kwa sauti. Mzee hakuwahi kumwona kinyozi mle ndani hata siku moja, na sasa alikuwa amejinyoosha kwenye kiti cha baba mwenye nyumba, anacheka. Kitinda mimba hakuwa kwenye kochi la pembeni. Alisimama katikati ya sebule anahadithia vituko vya watoto wa chekechea, anaigiza sauti zao, na yule binti ambaye kwa baba yake alikuwa na salamu moja kwa wiki, leo alikuwa anamimina maneno hapumui.

"Karibu, mdogo wangu," akamwambia mgeni alipomwona mlangoni. "Pita ukae. Usiogope, hapa ni nyumba ya ndugu tu."

Mzee hakuthubutu kusema, sauti ingemuumbua. Akaandika kwa kidole kimoja: "Asante sana. Nyumba yenu inapendeza, ijapokuwa pazia la kushoto halijanyooka."

Kifungua mimba akaacha kucheza. "Huyu mtoto mbona anaandika kama barua ya serikali?"

Wakacheka wote. Jasho lilimtambaa mzee mgongoni, lakini hakuna aliyeshtukia. Nani angemtafuta Mkaguzi ndani ya viatu vya magurudumu?

"Sikia, mdogo wangu," wa kati akasema. "Muda si mrefu ataingia mzee mmoja wa suti na mkoba. Ukituona tumeganda usishtuke, wala usidhani ni simu yako. Na wewe ganda. La sivyo atakupa alama."

"Mara ya kwanza aliganda yeye, kweli kabisa," kifungua mimba akaongeza. "Alikuwa amefungia intaneti kabatini, huwezi kuamini. Tukasema, kumbe! Kumbe kuna dawa! Ona: Ba... si... kii..." Akaganda, mkono hewani, kazi safi kabisa, kisha akaangua kicheko.

Kikasikika kicheko kingine. Kilikuwa kidogo, chembamba, cha mtoto mchanga, na kilitokea nyuma ya sauti ya kitinda mimba.

"Ameamka?" akauliza wa kati.

"Hajalala huyu. Siku hizi ni kucheka tu. Akisikia watu wanacheka, naye yumo."

"Na Baba utamwambia lini? Mtoto atakuja kutambaa, babu yake hajui hata kama amezaliwa."

"Nimwambie ili ampe alama ngapi?"

Hapo hakucheka mtu. Kinyozi, ambaye kuliko wote angekuwa na haki ya kusema chochote, akasema taratibu, "Ni babu yake, mke wangu."

"Najua ni babu yake. Nitamwambia. Lakini si leo."

Mkaguzi alikaa mbele ya simu, mdomo wazi. Hasira ndiyo kitu alichokizoea, basi hasira ndiyo iliyowahi. Damu ikamchemka. Wamemfanya mjinga! Wiki baada ya wiki anachomoa friji, anagombana na dunia, kumbe laini nzima! Akavaa hedifoni, akaingia kwa akaunti yake kwenye kompyuta, suti na mkoba, amejaa maneno mpaka shingoni. Simu kando yake iliendelea kumwonyesha sebule kwa macho ya kibinti.

Kwa hiyo aliona kile ambacho mkaguzi haoni kamwe, yaani chumba kinavyokuwa yeye anapoingia. Suti ilipotokea mlangoni, kiuno cha kifungua mimba kilikatika hapo hapo. Kinyozi akatoweka kwenye kiti. Wa kati akainama kwenye sindano yake. Na kitinda mimba alikimbia. Mwanawe wa kumzaa alikimbia, mbio kabisa, mpaka kwenye kochi la pembeni, akaketi, akalaza kichwa upande. Sebule ikafa. Mzee aliijua hali hiyo. Aliisikia maisha yake yote akitembea kwenye varanda za shule: kelele za darasa, mlio wa viatu vyake, halafu kimya. Na siku zote kimya kile alikiita heshima.

Aliona aibu. Tuseme ukweli, aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto, na ilikuwa imechelewa sana kumfikia mtu wa umri ule.

Lakini maneno bado alikuwa nayo, yamejipanga mstari. Na alijua sasa kwamba wanamsikia. Wamejigandisha wenyewe, hawawezi kukimbia wala kujibu. Angeweza kuwapa tathmini ya maisha yao yote na wangelazimika kuisikiliza mpaka nukta ya mwisho. Suti ikatembea mpaka katikati ya zulia. Mzee akavuta pumzi.

"Sasa," akasema.

Mtoto akacheka. Katika haraka ya kukimbilia kochi, mama yake alisahau kuzima kipaza sauti, na mtoto hakuwa ameambiwa kwamba huyu ndiye mtu ambaye akija watu huganda. Alicheka kwa sauti, akakwama, akacheka tena.

Ile "sasa" ikabaki peke yake hewani. Mzee alitafuta neno la kuifuata. Ya kulaumu yalikuja mengi, akayameza. Ya kumdhihaki kinyozi yakaja, matamu, tayari kwenye ncha ya ulimi, akayameza pia, na kuyameza hayo kulimuuma. Kisha akatafuta neno la upole, na hapo ndipo ulipoonekana umaskini wa mtu yule. Alipekua kichwa chake kizima, chenye sarufi yote na shahada zote, hakupata hata neno moja la kumwambia mtoto mchanga. Akabaki na mikono juu ya meza, hagusi kitufe, hasemi. Suti ikasimama katikati ya zulia, mkoba mkononi.

"Baba?" wa kati akasema hatimaye, bado ameinama. "Baba, unatusikia?"

Suti haikutikisika.

"Ameganda," kifungua mimba akasema. "Jamani, leo ameganda kweli."

Akaja mpaka mbele ya suti, akaipungia mkono usoni, akaizunguka, akaichezea kiuno kidogo. Mzee hakugusa kitufe. Kwa kiganja alikiziba kipaza sauti chake, pumzi isije ikasikika. Sebule ikaanza kurudi uhai, taratibu. Kinyozi akatokea tena, ila safari hii hakukaa kwenye kile kiti. Alisimama kwa mbali, vile mtu mwenye adabu zake anavyosimama karibu na mkwe, hata mkwe aliyeganda.

Kitinda mimba akainuka kwenye kochi, akatembea mpaka mbele ya baba yake. Karibu kiasi hicho hakuwahi kumsogelea tangu siku ile ya kucha. Mtoto alikuwa anaguna na kupuliza mate, na laini ilikuwa safi mno kiasi kwamba mzee aliyasikia mapovu yakipasuka.

"Huyu mjukuu wako, Baba," binti akamwambia mtu aliyedhani hasikii. "Ana masikio yako. Makubwa hivyo hivyo." Mapovu mengine yakapasuka. "Ila yake yanasikia."

Ndugu zake wakacheka. Mzee hakusonya. Alikaa vile vile na kiganja juu ya kipaza sauti, machozi yakimshuka mpaka kwenye kola, akisikiliza, hadi mtoto akaanza kulilia ziwa na mama yake akaaga.

Kesho yake fundi akapiga simu. "Mzee wangu, jaribio limesemaje?"

"Laini mbovu."

"Mbovu? Haiwezekani. Basi nije Jumamosi niipime upya, kama ni kubadilisha..."

"Usije!" mzee akamaka. "Usiguse kitu, nakuambia. Iache hivyo hivyo."

Akakata simu bila kuaga, maana mtu hageuki malaika kwa Jumapili moja. Na Jumapili iliyofuata suti iliingia, ikaitikia salamu, ikatembea mpaka katikati ya zulia, na kabla mtu yeyote hajapata sababu ya kuganda, ikaganda yenyewe.